Pasaka Dar na ukoo wa watu 31: twende bichi, twende kwa bibi Mbagala au kila mtu ajikalie kwake?

Kijana wa Temboni · Aprili 8, 2025, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nauanzisha nikiwa na hasira kidogo kwa hiyo mnivumilie nikipanda nikishuka. Natoka kwenye grupu la ukoo la WhatsApp sasa hivi, toka juzi kuna vita ya Pasaka tunaila wapi na mpaka naandika hapa watu watatu wameshajitoa, mmoja wao mama yangu mdogo ambaye ndiye mweka hazina, na hela ya msiba wa Januari iliyobaki anayo yeye.

Iko hivi. Upande wa mama hapa Dar tupo 31, wakubwa 17 na watoto 14. Bibi yuko Mbagala Kizuiani, toka ameshuka kutoka Ndanda huko Mtwara mwaka 1978 hajahama. Mimi Kimara Temboni, mama mdogo Goba, mjomba Bunju, mama mkubwa na mume wake (tunamwita Baba Rama, ni Muislamu, kumbukeni hilo jina) wako Chanika, binamu wawili Kibada huko Kigamboni. Yaani ukitaka kutukusanya wote ni kama unaitisha mkutano wa mikoa.

Krismasi hatuna shida maana nusu wanaenda ukweni mikoani. Pasaka ndiyo tunabaki wote, siku zenyewe chache, mvua inanyesha, nani apande basi la kusini kwa siku tatu. Kwa hiyo Pasaka ndiyo sikukuu pekee ambayo ukoo mzima uko jiji moja, na ndiyo tunayogombana.

Mwaka jana tulienda Coco, ile bichi ya Oysterbay. Naomba niisimulie yote ili mtu asije akaniambia "nendeni Coco tu mkuu".

Ilikuwa Machi 31, Jumapili yenyewe. Nilikodi kosta laki na themanini, ikapita kukusanya watu Kimara na Goba, wengine wakaja na usafiri wao. Misa ya pili ilitoka saa sita kasoro, kosta ikaondoka saa saba maana kuna wifi mmoja alirudi ndani kubadilisha viatu mara mbili. Kuanzia Morocco ikawa foleni moja tu mpaka baharini, tumefika saa tisa na watoto wameshakula chipsi zote humo humo ndani ya gari. Mchanga hauonekani, ni watu. Ukitandika mkeka mtu anapita juu yake na viatu anakusalimia vizuri kabisa, "Pasaka njema mama", huku anakukanyagia sambusa.

Saa kumi na moja kasoro nahesabu watoto napata 13. Narudia, 13. Aliyekosekana ni Kulwa wa mjomba, miaka mitano, na Doto wake yupo pale anakula ubuyu, ukimuuliza mwenzio yuko wapi anakuonyesha bahari. Aisee. Nisiwadanganye, miguu ilikufa. Mke wa mjomba alikaa chini kwenye maji na gauni lake la kitenge jipya, hapigi kelele, kakaa tu.

Aliyempata ni Baba Rama. Na ilikuwa mwezi wa Ramadhani, mzee wa watu amefunga, toka asubuhi hajagusa hata maji, alikuja tu kwa ajili ya familia. Amezunguka ufukwe ule dakika arobaini juani, akamkuta Kulwa kwa muuza mihogo, kakalishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula muhogo wa kukaanga na pilipili, machozi yanamtoka kwa pilipili wala si kwa kupotea. Yule dada wa mihogo alishamuuliza jina la baba yake, mtoto akajibu "baba". Baba Rama akakaa pale pale kwenye ndoo nyingine mpaka adhana ya magharibi, akafuturu na mihogo ile ile. Picha yake na Kulwa wamekaa kwenye ndoo ndiyo bado picha ya grupu hadi leo.

Sasa mwaka huu Pasaka ni Aprili 20. Kambi ya kwanza wanataka bichi tena, safari hii Kigamboni, kambi ya pili wanataka treni ya SGR tukale Morogoro turudi jioni, kambi ya tatu kwa bibi Mbagala, na ya nne ambao hawasemi kitu ila najua wanataka kulala. Mngefanyaje wenzangu? Bibi ana miaka 84 na magoti hayataki ngazi.

---

mama Tabata · Aprili 8, saa 3:30 usiku

Hahaha "nani baba yako" eti "baba", hao ndio watoto wetu. Pole kaka. Mimi bichi siku ya sikukuu nilishaapa. Nenda Jumatano ya kawaida bahari utaikuta pale pale.

---

Mchaga Asiyepanda · Aprili 8, saa 3:41 usiku

Umeongea jambo hapo kwenye Krismasi. Desemba sisi tukipanda Moshi mnabaki mnateleza tu barabarani hakuna foleni, mnatusema vibaya. Pasaka tupo wote ndio maana mnabanana Coco, tuzoeeni.

SGR nakupigia hesabu hapa hapa. Moro ni 13,000 daraja la kawaida, watoto nusu. Wakubwa 17 kwenda na kurudi ni 442,000. Watoto 14 kama wote wanalipa ni 182,000. Jumla 624,000 na hata maji hujanunua. Halafu tiketi za sikukuu unazitafuta mapema sana, leo tarehe 8 kupata viti 31 treni moja ni ndoto za mchana. Na Moro mkishuka stesheni mnaenda wapi watu 31? Mtasimama mnaangalia milima ya Uluguru halafu mrudi.

---

Mnyama Damu · Aprili 8, saa 3:58 usiku

Mkuu kabla hujapanga Jumapili chochote, kaa ukijua Mnyama, yaani Simba, yuko robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kesho marudiano na Al Masry uwanja wa Mkapa. Tukipita, nusu fainali ya kwanza inaangukia wikiendi hiyo hiyo ya Pasaka. Wanaume wote wa ukoo wako hawatakuwepo hata kama miili ipo. Naomba hili liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

---

Shangazi Kaja · Aprili 8, saa 4:05 usiku

Tatizo lenu mnataka kuila Pasaka Jumapili. Jumapili ni ya kanisa na ya kulala. Ileni Jumatatu.

---

Kijana wa Temboni · Aprili 8, saa 4:11 usiku

Shangazi fafanua kidogo, hapo umenigusa.

---

Shangazi Kaja · Aprili 8, saa 4:37 usiku

Nafafanua. Mimi ni mama wa familia na kwaya naimba, alto, mwaka wa kumi na tisa huu. Hebu nikupe wiki yangu. Alhamisi Kuu jioni misa ya kuosha miguu, halafu kuabudu mpaka usiku. Ijumaa Kuu Njia ya Msalaba asubuhi, sisi parokiani tunaifanya barabarani vituo vyote kumi na vinne tunatembea, saa tisa ibada ya mateso, na siku hiyo tumefunga. Jumamosi watu wanaisahau, si sikukuu ya serikali ile, wenye duka wanafungua wenye ofisi binafsi wengine wanaingia, mimi mwenyewe huwa natoka kazini saa nane nakimbilia sokoni, saa mbili usiku nipo kanisani na joho.

Mkesha ndio Pasaka yenyewe. Taa zote zinazimwa, moto unawashwa nje, padri anabariki moto, anauchora ule mshumaa mkubwa Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, unaingia kanisani giza totoro na mwanga mmoja. "Mwanga wa Kristo." "Tumshukuru Mungu." Halafu ule moto unasambaa kutoka mshumaa kwa mshumaa mpaka kanisa lote linawaka, hapo hata yule aliyekuja na simu anaiweka mfukoni. Tunakata chupa za plastiki za maji tunavalisha mishumaa nta isitumwagikie. Mwaka juzi mtoto wa nyuma yangu aliunguza wigi la soprano wa mbele, ilinuka kuku wa kubabuliwa mpaka somo la nne. Na masomo ni tisa yote yakisomwa. Katikati ya masomo hayo Gloria na kengele zote, mwishoni ubatizo. Unafika nyumbani saa saba usiku.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia Jumapili saa nne asubuhi awe Mbagala anakuna nazi? Atakuja lakini atakuja amenuna. Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko nchi nzima, hakuna kanisa refu, foleni imepungua, na nyama Jumatatu bei imeshatulia kidogo. Jumapili kila nyumba ijipikie kuku wake. Jumatatu ndio ukoo.

---

mama Tabata · Aprili 8, saa 4:44 usiku

Wigi la soprano mamaaa 😂😂 nimeamsha baba watoto kwa kicheko.

---

Binti Rungwe · Aprili 9, saa 1:20 asubuhi

Nawasoma kimya toka jana. Sisi Wamoraviani Jumapili haikwepeki, tena tunaanza mapema kuliko wote. Kwetu Rungwe alfajiri ya Pasaka watu wanakutana makaburini kabla jua halijatoka, matarumbeta yanapigwa, mnaimba na kusali katikati ya makaburi ya babu zenu mpaka jua linatoka. Baridi ya kule mwezi wa nne mnaijua wenyewe. Nilipohamia Dar mwaka wa kwanza niliamka saa kumi nikalia, maana waliozikwa wangu wote wako kule na huku makaburi ya Kinondoni simjui hata mmoja. Siku hizi nampigia mama video, ananipeleka na simu mpaka kwenye kaburi la baba, kabla ya saa mbili nimeshamaliza Pasaka yangu nimerudi kulala.

Kwa hiyo naunga mkono Jumatatu, ila msiseme Jumapili ni ya kulala, wengine tumeshaenda na kurudi.

---

Fundi Feni · Aprili 9, saa 2:02 asubuhi

Hivi kwanini Pasaka inahama hama kama mpangaji? Mwaka jana Machi mwaka huu Aprili 20. Krismasi imetulia zake.

---

Mzee wa Posta · Aprili 9, saa 2:40 asubuhi

Fundi, Pasaka inafuata mwezi wa angani. Toka Mtaguso wa Nisea mwaka 325 walitaka Wakristo wote waile siku moja, na kanuni iliyotumika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Kwa hiyo haiwahi kabla ya Machi 22 na haichelewi zaidi ya Aprili 25. Waorthodoksi wanatumia kalenda ya zamani ndio maana mara nyingi wanapishana na sisi, ila mwaka huu tumegongana, wote Aprili 20.

Sasa mwanzisha uzi usikilize hapa. Machi 22 mpaka Aprili 25, hiyo kwa Dar ni nini? Ni masika. Hakuna Pasaka nje ya masika. Nimekaa jiji hili toka enzi za mabasi ya UDA, sijawahi kupanga Pasaka ya nje bila turubai. Jangwani pale mvua ikikasirika barabara inafungwa, na wewe wa Kimara unategemea hiyo hiyo kama unashuka mjini na mwendokasi. Kambi ya bichi waulize, mvua ikianza saa saba watu 31 wanajificha wapi, chini ya mnazi?

---

Kigamboni Asilia · Aprili 9, saa 3:15 asubuhi

Naomba kuitetea Kigamboni. Bichi zetu zina nafasi, si kama huko Oysterbay mnakolaliana. Shida ni kuvuka. Pantoni siku ya sikukuu usijaribu na gari, foleni ya magari inaishia huko, ila kwa miguu unavuka fasta. Wenye magari piteni daraja la Nyerere, toka 2016 lipo pale, andaa hela ya kulipia tu. Ila kwa bibi wa miaka 84 mwenye magoti, mchanga ule siushauri. Kiti cha plastiki kinazama. Nilimpeleka mama yangu, tulimchomoa watu watatu.

---

mama Tabata · Aprili 9, saa 4:50 asubuhi

Mimi naongezea la watoto. Wanangu wanasoma hizi shule za Kiingereza, mwaka jana wamerudi wananiambia mama Pasaka lazima utufichie mayai tuyatafute, sungura ndio anayaleta. Nikawauliza sungura gani anataga, wakaniona mshamba. Haya, mama ni mama. Nimechemsha mayai kumi na mawili, nimeyapaka rangi za keki, asubuhi nimeyaficha uani, mengine kwenye maua, mengine chini ya tanki, mengine juu ya ukuta. Nimeingia ndani kuwavalisha. Natoka nakuta kunguru.

Kunguru wa Dar jamani. Walikuwa kama ishirini. Mmoja ana yai la bluu mdomoni anaruka nalo kuelekea kwa jirani. Watoto wanalia, mimi nina ufagio, baba yao anacheka mpaka kakaa chini. Tuliokoa mayai mawili. Mwaka huu nimewaambia sungura amepata safari.

---

Fundi Feni · Aprili 9, saa 5:03 asubuhi

Yai la bluu linapaa Tabata 😂😂😂 uzi bora wa mwezi.

---

Dada wa Muscat · Aprili 9, saa 6:22 mchana

Mnachekesha lakini mnaniumiza roho. Nipo Oman mwaka wa nne. Huku mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni kazi kama kawaida, kwa hiyo Ijumaa Kuu tunaipata vizuri ila Pasaka yenyewe watu wapo kazini. Makanisa yapo, Ruwi yamekaa pamoja kwenye kiwanja alichotoa Sultani Qaboos, unakuta Wahindi, Wafilipino na sisi Waafrika, misa za lugha mbalimbali, Ijumaa Kuu huwezi kupita. Mimi bosi wangu ana utu, Jumapili jioni huwa ananiruhusu masaa matatu. Nikitoka napiga simu nyumbani Ukonga, wananipitisha kwenye video mmoja mmoja, kila mtu anakula ananiambia "karibu dada". Karibu wapi sasa.

Kaka wa Temboni, hao wanaogombana kwenye grupu waambie wagombane taratibu, mko jiji moja.

---

Kijana wa Temboni · Aprili 9, saa 2:15 usiku

Dada wa Muscat nimeichukua meseji yako kama ilivyo nimeibandika kwenye grupu. Wawili waliojitoa wamerudi. Mama mdogo bado.

Maamuzi yanaelekea hivi: Jumatatu Aprili 21, kwa bibi, Mbagala. Mchango elfu ishirini kila mkubwa. Mbuzi mmoja. Anayebisha aje na eneo lake na turubai lake.

---

Mnyama Damu · Aprili 9, saa 5:20 usiku

MATUTAAAA!!! Tumepita wakuu. Nusu fainali hiyoo. Nilisema Jumatatu mimi toka mwanzo.

---

Shangazi Kaja · Aprili 9, saa 5:24 usiku

Hukusema.

---

Mzee wa Posta · Aprili 10, saa 1:10 asubuhi

Mbuzi mchukue mnada wa Pugu, nenda mapema na mtu anayejua mbuzi. Usiende na shati la ofisini, bei inapanda kwa shati.

---

Kijana wa Temboni · Aprili 22, 2025, saa 2:48 usiku

Wakuu nimerudi na mrejesho, ni mrefu kidogo.

Kwanza hesabu maana najua mtauliza. Waliolipa 15 kati ya 17, laki tatu. Mbuzi 170,000 Pugu (nilivaa jezi ya zamani na ndala, ushauri wa Mzee wa Posta, alianzia 230,000). Mchele kilo 12 kwa 2,800 ni 33,600. Soda kreti tatu 42,000. Nyanya, vitunguu, viazi, mafuta na viungo 31,000, mkaa 10,000. Imebaki 13,400. Wale wawili ambao hawakulipa walikuja wa kwanza na waliondoka na hotipoti zimejaa, majina ninayo.

Jumapili kila mtu alikaa kwake kweli. Mimi nilisali asubuhi, mchana nikalala, jioni nikaangalia Simba na Stellenbosch, mpira uko Zanzibar Amaan, nimekaa nyumbani na soksi. Ile frii kiki ya Ahoua kabla ya mapumziko nimeruka peke yangu sebuleni, moja bila ikaisha hivyo. Nikawaza mwaka jana muda kama huu nilikuwa nahesabu watoto 13.

Jumatatu nimetoka Temboni saa kumi na mbili asubuhi, mwendokasi mpaka Gerezani halafu daladala ya Mbagala. (Njia ya mwendokasi ya Mbagala wakati huo ilikuwepo, imenyooka, mabasi ndio tulikuwa bado tunayasubiri, ulikuwa unapita pembeni yake kwenye foleni unaiangalia tu.) Saa mbili nipo kwa bibi. Nimemkuta ameshaamka zamani, kakaa kwenye kigoda uani anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kusini. Waliomletea kutoka kusini sijui ni nani, kila Pasaka inatokea tu. Nikamwambia bibi leo pumzika sisi tunapika, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni akaniuliza "Wewe unapika nini?" Nikaenda kuchota maji.

Mama mdogo alikuja! Saa tatu, kimya, na hela ya msiba kwenye bahasha, kaiweka mezani mbele ya watu wote, haijapungua hata mia. Hakuna aliyesema kitu, mama mkubwa akampa kisu akaanza kukata vitunguu. Basi yakaisha.

Sasa kwenye saa tano asubuhi. Baba Rama yuko kwa mbuzi, yeye ndiye aliyechinja ili na wa upande wake wale bila wasiwasi, vijana wameleta sabufa, muziki uko juu, watoto wote 14 wapo (nimehesabu mara nne). Simu ya mjomba ikaita, akasikiliza, akaja akazima sabufa yeye mwenyewe. Watu wakaanza kulalamika. Akasema Papa Fransisko amefariki.

Mimi nilidhani ni zile habari za uongo za mitandaoni. Tukafungua simu kila mtu, kweli, Vatikani wenyewe wametangaza, miaka 88. Shida ikawa nani anamwambia bibi. Maana Jumapili mchana mjukuu aliyelala pale alimwashia TV, bibi amemuona Papa kwa macho yake kibarazani pale Roma kwenye kiti chake cha magurudumu anawatakia watu Pasaka njema, na toka asubuhi alikuwa anatusimulia kila anayeingia, "jana nimemuona Baba Mtakatifu, amepata nafuu".

Akaenda Baba Rama. Sijui kwanini yeye, alinawa mikono akaenda tu akachuchumaa pale kwenye kigoda. Hatukusikia alichosema. Bibi aliendelea kumenya ule mng'oko aliokuwa nao mpaka ukaisha, akauweka kwenye beseni, akasema, "Kumbe alikuwa anaaga." Halafu akaomba rozari yake ndani.

Tukasali rozari uani, tendo moja moja, watu 31 pamoja na wale wasiojua waliofumbua macho na kuigiza midomo, na Baba Rama na wanawe wamekaa nao pembeni kimya na kofia zao. Mbuzi motoni. Harufu ya mbuzi inapita katikati ya Salamu Maria, Doto akasema kwa sauti "mama nina njaa", mama yake akamfinya. Ikafika mwisho, bibi akafunga kwa ishara ya msalaba akageuka akauliza, "Hiyo nyama mmeiangalia au imeungua?"

Imeungua kidogo upande mmoja. Tumekula hivyo hivyo. Sabufa haikuwashwa tena, watu wakakaa wanaongea, wazee wakaanza kusimulia Papa Yohane Paulo alivyokuja Tanzania mwaka 1990, bibi anasema alisimama juani kutwa nzima na mama yangu mimi akiwa naye. Mama anasema hakumuona hata kidogo, aliona migongo. Saa kumi mvua ikashuka, tukahamia wote ndani kwenye sebule ya mita nne kwa nne na hapo ndio ikawa kelele kuliko hata muziki.

Nawashukuru wote, hasa Shangazi Kaja.

---

Shangazi Kaja · Aprili 22, saa 3:05 usiku

Nimesoma nimelia nikacheka. Sisi kwaya tulikuwa na pikiniki yetu Jumatatu hiyo hiyo, ikageuka hivyo hivyo. Poleni Wakatoliki wote.

---

Dada wa Muscat · Aprili 22, saa 3:11 usiku

"Kumbe alikuwa anaaga." Bibi huyu mtunzeni.

---

Fundi Feni · Aprili 22, saa 3:20 usiku

Mimi naulizia 13,400 iko wapi.

---

Kijana wa Temboni · Aprili 22, saa 3:34 usiku

Fundi hilo ndilo linaloendelea kwenye grupu muda huu, kuna kambi mbili 😂. Ila Baba Rama kaingilia kati, kasema iwe kianzio, Idi ya kuchinja mwezi wa sita ni zamu yake, wote Chanika. Bibi ameshakubali kwenda. Sasa natafuta mtu mwenye gari ya chini chini, mlango mpana, isiyo ya kupanda kwa kuruka. Mwenye nayo aje PM.

---

Kigamboni Asilia · Aprili 22, saa 3:40 usiku

Nina Noah ya mlango wa kuteleza. Ila na mimi nakula.